Historia ya umma chuoni, kuna faida kweli?

Muuliza swali:
Wakuu salaam. Nimemaliza six mwaka huu, HKL, nataka kuomba historia UDSM ila kufundisha hakunivuti kabisa, napenda makumbusho, nyaraka, kurekodi wazee, yaani ile wanaita historia ya umma. Mzee wangu anasema napoteza miaka mitatu bure, bora nikasome ualimu. Mliopita huko mnashaurije?

Jibu 1:
Mdogo wangu tusidanganyane, ajira za moja kwa moja ni chache, kuna Makumbusho ya Taifa, kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, na nafasi zikitangazwa mnagombania wengi. Ongezea Kijerumani mapema, mafaili ya enzi za Mjerumani yapo hapo Dar na wanaoweza kuusoma ule mwandiko wa zamani ni wachache mno.

Jibu 2:
Mwambie mzee hivi, mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa pale pale Mlimani walisambaa vijijini kuhoji wazee walioiona Maji Maji, vita vya kumpinga Mjerumani vya 1905 hadi 1907, wasingeenda wale wazee wangezikwa na maneno yao na sisi tungebaki na ripoti za Wajerumani tu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mimi field nilifanya Songea. Bibi mmoja nilipotoa simu nirekodi akanyamaza kimya, nikairudisha mfukoni tukakaa tunapukuchua mahindi, ndoo ya pili haijajaa akaanza mwenyewe habari za babu yake na siku ile Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni, 27 Februari 1906. Akasema andika, usirekodi. Nikaandika, kesho yake nikarudi kumsomea, akanisahihisha jina la ukoo mara mbili. Darasani hakufundishi mtu hicho.

Na haijaisha hiyo, 2023 Rais wa Ujerumani Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha, na familia ya Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani, bado inatafuta fuvu lake. Bila watu wa kufukua mafaili na kukaa na familia litapatikanaje?

Muuliza swali:
Asanteni sana, hiyo ya kurudi kumsomea imenigusa. Bibi mzaa mama yupo Namtumbo na hajawahi kuhojiwa na mtu, naenda wiki ijayo na daftari kabla hata ya kuomba chuo. Nianze kumuuliza nini?

Jibu 2:
Usianze na vita. Muulize jina lake alipewa na nani.