Mstari wa manjano kwenye matatu: uendelee au uondolewe?

Dere wa Rongai: Wadau, tujadiliane bila matusi. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zilituletea mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, sare, na ule mstari wa manjano unaozunguka gari. Leo matatu ina jina la sacco, yaani ushirika wa wenye magari, ubavuni na namba ya njia kwenye kioo. Mstari una kazi gani tena, zaidi ya kumpa karao, yaani polisi, sababu ya kukusimamisha ukififia? Mimi nasema uondolewe. Unapita katikati ya michoro ya watu na kuiharibu, na mafundi wetu wenyewe hawawezi kupiga mstari ulionyooka bila masking tepu.

Fundi wa Kayole: Hapo mwisho umenigusa pabaya, dere. Mstari mpana kama ule, unaozunguka gari lote bila kukatika, nani anaupiga bila tepu? Tepu ndiyo kazi yenyewe. Unaosha gari kwa sabuni, unafuta mafuta na nta kwa tina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi, unapitisha msasa wa maji. Kisha unapanga tepu kwa kufuata mkunjo wa bodi. Ukipima kutoka chini umekwisha, maana springi zikichoka gari limeinama, na mstari utainama nalo. Unapiga koti mbili nyembamba za rangi, halafu unabandua tepu rangi ikiwa bado laini, ukiivuta kwa kuikunja kuelekea nyuma. Ukingoja ikauke kabisa, itang'oka na kingo za rangi. Sasa mwenye gari anasimama nyuma yako akipiga kelele kwamba lazima awe barabarani jioni. Mstari ukitoka na meno, lawama ni kwa fundi?

Abiria Umoja: Turudi kwa swali jamani. Mstari ulinisaidia mimi. Kabla ya Michuki ungeweza kupanda gari lolote usiku bila kujua kama ni la abiria au la wezi. Nadhani ilikuwa 2005.

Msomaji wa Gazeti: Februari 2004. Michuki alizitangaza mwaka wa 2003 na zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Na mwaka wa 2014 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliruhusu michoro, kwa hiyo mstari ulikufa siku hiyo.

Abiria Umoja: Haukufa! Uhuru aliwaambia polisi waache kuwasumbua vijana kwa sababu ya michoro. Mstari hakuugusa. Kama ulikufa, mbona tarehe 12 Novemba 2018 mawaziri Matiang'i na Macharia waliporudisha msako wa sheria za Michuki tulitembea kwa miguu hadi mjini? Magari yalikuwa yamejificha, mengine yamepanga foleni kwa mafundi kupigwa manjano upya.

Fundi wa Kayole: Wiki hiyo hatukulala. Na hakuna dere aliyeuliza kama ni kwa tepu au kwa mkono.

Bin Kisauni: Mimi namuunga mkono dere, samahani mafundi wa Nairobi. Ustadi ni mkono. Rolls-Royce huko Goodwood, Uingereza, ule mstari mwembamba wa ubavuni hupigwa na mtu kwa brashi ya manyoya ya kindi, bila tepu. Huku Pwani tuna mafundi wa kuandika majina kwenye vyombo vya baharini, mkono hautetemeki. Nairobi mmezoea kompresa ya kupulizia rangi.

Fundi wa Kayole: Bwana Kisauni, Rolls-Royce haisimami kila stage ikigongwa kofi na makanga, utingo wetu. Mstari wa brashi ni mwembamba, wa mapambo. Huu wetu ni wa kuonekana na askari aliye mbali. Niletee fundi wako wa mashua aupige kwenye basi la Isuzu lenye bodi ya kuungwa hapa nchini, mabati yana mawimbi na mlango haulingani na ubavu. Aanze kwenye ubavu wa kushoto, azunguke, tuone kama atakutana na alipoanzia.

Bin Kisauni: Atakutana.

Fundi wa Kayole: Mlete Kayole basi. Chakula juu yangu.

Mkazi wa Mbagala: Wakuu, nawasoma kutoka Dar. Nashangaa mnasema mstari hauna kazi. Daladala zetu rangi ya ubavuni huonyesha njia. Bibi yangu hasomi, lakini hajawahi kupotea, anaangalia rangi tu. Tatizo lenu ni kwamba mna rangi moja kwa magari yote.

Dere wa Rongai: Mkuu, hilo ni wazo zuri kuliko yote humu. Wenzangu mmelisikia?

Mama Stika Likoni: Mnagombana kuhusu rangi na tepu na jibu liko dukani kwangu. Stika. Gari linarudi kazini siku hiyo hiyo, na sheria ikibadilika unabandua.

Fundi wa Kayole: Mama, heshima zako, ila stika zinabanduka kona za milango mvua moja tu.

Mama Stika Likoni: Zinabanduka kwa waliobandika vibaya, mwanangu. Hao huvuta stika ili inyooke, nayo baadaye hujirudi na kuachia ncha. Stika hailazimishwi. Bandika kivulini, bati likiwa limepoa, nyunyiza maji yenye tone la sabuni, sukuma maji nje kwa kadi iliyofungwa kitambaa. Mlangoni usiikate kwenye ukingo, ikunje iingie ndani, kisha ipashe moto kwa drayari ya saluni. Nimeuza stika tangu vijana wangu wako shule ya msingi, usinifundishe kazi kwa sababu umeona moja iliyobanduka.

Bin Kisauni: Mwambie mama! Likoni juu!

Abiria Umoja: Sasa imekuwa Likoni na Kayole. Hakuna anayejibu kuhusu usalama wa abiria.

Msomaji wa Gazeti: Bado nashikilia kwamba 2014 ndiyo ilimaliza mambo.

Dere wa Rongai: Mama Stika, nisaidie. Nikibandua ya zamani, chini pamebaki alama nzito, kama mstari bado upo.

Mama Stika Likoni: Hiyo si gundi, mwanangu. Rangi ya pembeni imechomwa na jua, ya chini ya stika haikuguswa. Gundi hutoka kwa petroli kidogo na kitambaa. Alama hiyo ni ya kung'arisha kwa pasta, na kama gari ni la miaka mingi, bandika mpya juu yake palepale, upana uleule.

Fundi wa Kayole: Au upige rangi.

Mama Stika Likoni: Kwa tepu?

Fundi wa Kayole: Kwa tepu, mama. Na itadumu.