Mrejesho: Kulinganisha majibu ya Hisabati baada ya mtihani wa kidato cha sita

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza tufanyeje, sisi watahiniwa sita wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Dar, baada ya kutoka na majibu tofauti kwenye swali la kanuni ya trapeza, ile ya kukadiria eneo chini ya mchoro kwa kuligawa vipande.

Tulifuata ushauri wa kutopiga kura kuamua jibu lipi ni sahihi. Tulikutana Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi, kila mmoja akakokotoa upya peke yake kabla ya kuonyeshana. Aliyesema tuangalie kalkuleta kwanza alipatia kabisa! Jaribuni sin x kuanzia 0 hadi 1, vipande vinne, upana 0.25. Kalkuleta ikiwa kwenye radiani (kipimo cha pembe kinachotakiwa hapa) unapata 0.457, karibu sana na jibu halisi 0.460. Ikiwa kwenye nyuzi (digrii) inatoa 0.0087, na haikuonyi chochote. Wawili wetu ndipo walipokosea. Alama ndogo ya D (nyuzi) au R (radiani) juu ya kioo ndiyo ya kutazama kabla ya kugusa sin. Kipimo cha haraka: sin 1 ikitoka 0.0175, uko kwenye nyuzi.

Kilichoshindikana ni swali la vekta. Tuliandika maswali kwa kumbukumbu siku tatu baada ya mtihani, na kila mtu anakumbuka namba zake, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Aliyetushauri tuyaandike jioni ile ile, kabla ya kuzungumza, alisema kweli, tulichelewa. Fizikia ya maelezo nayo tumeiacha, maana bila namba ulikuwa ubishi mtupu na wawili walikosa usingizi.

Mbarikiwe wote mliojibu.