Ushauri: kutembea kwa miguu kutoka Tendaguru mpaka Lindi mjini, njia ya wapagazi wa mjusi

Mwana_Mchinga:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua Lindi ya ndani, sio hii ya kando ya lami. Sisi ni kikundi cha marafiki, wanaume kwa wanawake, tunafanya kazi hapa mjini na kila mwaka tunachanga hela tunaenda kutembea porini. Lushoto tushaenda, Udzungwa tushaenda, mwaka huu nikawaambia jamani na kwetu je?

Wazo langu ni hili. Gari litupeleke mpaka kilima cha Tendaguru, pale alipochimbwa yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin, halafu turudi Lindi kwa miguu, ni kama kilomita 60 hivi. Maana hivyo ndivyo walivyotembea wapagazi kati ya 1909 na 1913, mifupa begani na kichwani, siku nne mpaka bandarini, na punda hawakufaa kwa sababu ya mbung'o kwahiyo tani zaidi ya 200 zilishuka kwa migongo ya watu. Kila siku tunasikia mjusi arudi, mjusi arudi, mpaka Bungeni, ila hao waliombeba hakuna anayewataja na njia yao hatuijui. Kwa kweli hilo linaniuma.

Sasa naomba kujua njia bado inapitika? Mwezi gani mzuri? Tulale wapi? Na kibali tunaombea wapi? Kingine, wenzangu wanapenda msitu mnene, je njiani upo au tuunganishe na Rondo?

kusini_kwanza:
Mkuu kwa heshima zote, Tendaguru utaona kilima na pori basi, mifupa yote ya maana iko Ujerumani. Kama mnataka historia ya kushika kwa mkono nendeni Kilwa, mnavuka na boti kutoka Masoko mnaingia Kisiwani, kuna Msikiti Mkuu, kuna Husuni Kubwa ya karne ya 14, kuna Gereza, mnazunguka kwa miguu mpaka mchoke na jioni mnarudi Masoko kula samaki. Ni urithi wa dunia tangu 1981. Kwanini mteseke na jua kwa kitu ambacho hakipo?

Binti_Mwera:
Kilwa ni nzuri hakuna anayebisha lakini kaka hajauliza hilo. Na sikubali kwamba Tendaguru hakuna kitu. Hebu fikiria, Vita vya Maji Maji vimeisha 1907, vijiji vimechomwa, njaa imeua watu mkoa mzima huu, halafu miaka miwili tu mbele wanakuja wanasayansi wa Kijerumani, Janensch na Hennig, wanataka wachimbaji. Walifika mpaka watu kama 500, wengi Wamwera wa hukuhuku, wengine wamekuja na wake zao na watoto, kukawa na kijiji kizima pale kilimani. Kazi ya kuutoa mfupa bila kuvunjika waliifanya wao. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na 2007 wanasayansi walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Waulizeni watoto wa shule hapa Lindi kama wanamjua Boheti!

Nendeni. Na mkifika kilimani kaeni kidogo muangalie upande wa kaskazini, bonde la Mbwemkuru lote liko mbele yenu.

kusini_kwanza:
Dada hilo la Boheti nilikuwa silijui, asante. Ila bado nasema jua la kule sio la mchezo.

Mzee_wa_Rutamba:
Vijana nimesoma yote. Mimi nimezeeka huku nawaambia ninavyojua.

Kwanza msitafute njia moja ya wapagazi iliyochorwa, haipo. Kuna njia za miguu za kijiji hadi kijiji, na nyingine zimekuwa za bodaboda, nyingine zimemezwa na mikorosho na mashamba ya ufuta. Kwahiyo ramani ya simu isiwadanganye, mnahitaji mtu wa kijiji, na sio mmoja kwa safari yote. Wa kijiji hiki awafikishe kijiji kinachofuata awakabidhi kwa mwenzake, maana kila mmoja anakijua kipande chake, kisima kiko wapi na wapi juzi pameonekana tembo. Mlipeni vizuri na mpatane kabla hamjaondoka.

Pili, msilale porini. Narudia, msilale porini. Lindi hii simba wamekula watu na sio hadithi za bibi, na tembo nao wanatembea usiku kwenda mashambani. Laleni kijijini, uwanja wa shule au kwa mwenyekiti, mkifika jua halijazama. Anzeni kutembea saa 11 na nusu kukianza kupambazuka, saa 5 muwe kivulini, muendelee saa 9.

Tatu ni upupu. Watu wa mjini mnausahau. Ule mmea unaotambaa juu ya vichaka, maganda yake yana manyoya ya kahawia yanang'aa vizuri tu ukiyatazama kwa mbali, yakikauka upepo ukipiga yanaruka yenyewe, hujagusa kitu unashtukia shingo inawaka moto mpaka unataka kuvua ngozi. Vaeni mikono mirefu, kola juu, kitambaa shingoni. Ukikupata usijikune, ukijikuna unausambaza, badilisha nguo uoge maji mengi.

Mwezi, msiende Desemba mpaka Aprili, mvua, na mabonde yanajaa. Mei nyasi bado ziko juu ya kichwa huoni hata nyoka. Julai na Agosti ndio zenu, baridi kidogo asubuhi na nyasi zimeshaanza kulala, ila upupu ndio umekauka hapo, ndio maana nimeuandika kirefu.

Mwana_Mchinga:
Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana, hilo la kupokezana wenyeji sikuwa nimelifikiria kabisa na ndilo limenifungua macho. Maji je, visima vinatosha?

Mzee_wa_Rutamba:
Marahaba mwanangu. Vijijini kuna visima vya pampu, vingine vinakuwa vimekufa, kwahiyo kila mtu abebe lita 4 na mchemshe au mtie dawa. Msitegemee vijito, Agosti vingi vinakuwa mchanga mtupu.

komba_mdogo:
Kwenye msitu naomba nichangie. Njia ya Tendaguru ni miombo na vichaka na mashamba, pazuri ila sio msitu mnene. Kama roho inataka msitu wenyewe basi mkishapumzika Lindi siku moja pandeni Rondo, kuna hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), mnaomba kibali kwao na wanawapa mtu wa kuwaongoza. Au Litipo, jirani na Rutamba kwa mzee hapo juu.

Rondo fanyeni lazima mtembee usiku pamoja na huyo muongozaji. Kuna komba anaitwa kwa jina la hapohapo, komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, kama gramu 60 tu, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Tumieni tochi yenye taa nyekundu, mkae kimya mtege sikio, mtasikia sauti zake kabla hamjamuona. Misitu iliyobaki ya namna hii pwani ni vipande vipande, mkaa na mashamba yanaimaliza, kila mgeni anayeingia kwa kibali na kulipa anasaidia msitu uonekane una faida ukisimama.

Bi_Saumu_LND:
Kuhusu kibali cha Tendaguru anzeni ofisi ya halmashauri, kitengo cha utamaduni na utalii, waulizeni na utaratibu wa watu wa Mambo ya Kale, mpate barua. Hiyo barua muipeleke kwa mtendaji wa kila kijiji mtakachopita, toeni nakala za kutosha. Bila barua mnaonekana mnatafuta madini, mtashindwa hata kupewa maji. Na mkiona kipande cha mfupa chini msiweke mfukoni jamani, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, piga picha uache pale pale.

Wadada mtakaokwenda mbebe khanga zenu, kijijini mkiingia mjifunge, mtapokelewa vizuri sana na akina mama wa kule. Kama ni msimu mtapewa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kuleni!

dereva_wa_Mipingo:
Mkuu usafiri wa kwenda, msikodi gari dogo la chini, mtaliacha njiani. Tafuteni ya kupanda juu, inapita Mchinga inaingia ndani upande wa Mipingo. Bodaboda moja iwafuate na mizigo kijiji hadi kijiji, mtu akiumia hiyohiyo ndio ambulensi yenu kwa sababu sehemu nyingi mtandao haushiki.

Mwana_Mchinga:
Wakuu nimeelewa. Tumekaa leo tumekubaliana tutaenda Agosti mwanzoni, wenyeji wa kupokezana, boda moja, kulala vijijini, Rondo baadaye kwa watakaokuwa na nguvu. Kesho naenda halmashauri kwa ajili ya barua. kusini_kwanza kama upo Lindi karibu tuungane.

kusini_kwanza:
Nipo Mtwara mkuu, nitumie tarehe inbox niombe likizo. Buti ninazo.