Vishikwambi kwa wanafunzi wa msingi: tunasubiri nini?

Mzazi wa Tandika: Wakuu, salaam. Vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Kwa nini wanafunzi wasifuate? Mnakumbuka majaribio ya Tanga, 2017 hadi 2019, ya mashindano ya programu za kujifunzia ya Global Learning XPRIZE: vijiji karibu 170, watoto ambao wengi wao hawajawahi kukaa darasani, kila mmoja na kishikwambi chenye programu ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Walipoanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Walimu tumewapa, wengi wanaangalizia tamthilia. Bora apewe mtoto.

Mwalimu wa Zamu: Nimefika kwenye "tamthilia" nikaacha kusoma. Ndugu yangu, bando nanunua kwa mshahara wangu. Napakua vitabu Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu usiku, asubuhi nina andalio la somo, naingia darasa la watoto mia na ushee. Hizo tamthilia naziangalia saa ngapi?

Kijana wa Kigamboni: Mwalimu usipaniki. Jirani yangu ni mwalimu, kishikwambi chake kila jioni kiko kwa mwanawe, katuni mwanzo mwisho.

Mwalimu wa Zamu: Sasa jirani yako ndiye walimu wote wa Tanzania? Na ukichungulia dirishani kwa watu, usituletee humu kama ushahidi.

Fundi Kariakoo: Mimi naviona vikija mezani. Kioo kimepasuka, tundu la chaji limelegea, betri imevimba. Hapo kilikuwa kwa mtu mzima. Mkimpa mtoto wa darasa la pili, nani analipia kioo? Mzazi? Mkuu wa shule? Hilo lijibiwe kabla ya kununua hata kimoja.

Mama wa Kitale: Ndugu zangu, niwaambie ya Kenya. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa darasa la kwanza. Zabuni ikaishia kortini. 2016 zikaletwa tabuleti badala yake, zaidi ya milioni moja nchi nzima. Shuleni kwa mwanangu zilifungiwa stoo yenye vyuma madirishani kwa hofu ya wezi. Mtoto amemaliza darasa la nane amezishika mara za kuhesabu.

Mzalendo Dodoma: Ya Kenya waachieni Wakenya. Huku hatuna wizi wa namna hiyo.

Mama wa Kitale: Hamna wezi Tanzania? Haya, pongezi. Nilikuja kwa wema.

Fundi Kariakoo: Mzalendo, pita dukani kwangu nikuonyeshe vya wizi vinavyoletwa kufutwa namba ya utambulisho. Huwa nawafukuza.

Mzazi wa Tandika: Jamani, mada ni wanafunzi. Sikusema walimu wote.

Mwalimu wa Zamu: Ulisema "wengi". Rudi juu usome.

Mdigo wa Muheza: Mnaitaja Tanga kama hadithi, sisi tuliiona. Mambo mawili mmeyaruka. Kwanza, vile havikuhitaji bando, masomo yote yalikuwa ndani, na chaji ilitoka kwenye kituo cha sola hapo hapo kijijini, na kulikuwa na kina mama wa kijiji wanaosaidia. Pili, washindi wa mashindano yale, Mei 2019, walikuwa wawili, Kitkit School na onebillion, na programu zao ziliachwa wazi, yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Kiswahili kimo tayari. Kwa nini tusianzie hapo, kwa watoto walio mbali na shule, kabla ya kufikiria kila mwanafunzi mjini?

Kijana wa Kigamboni: Si ndiyo ile pesa ya Elon Musk? Mzungu hatoi bure.

Mdigo wa Muheza: Zawadi aliigharamia yeye, ndiyo. Mtoto wa Handeni aliyejua kusoma hajali pesa ni ya nani. Nijibu hoja.

Mzalendo Dodoma: Hoja ni bando. Mwalimu kasema analipa mfukoni, hilo halikubaliki. Serikali iweke intaneti shuleni.

Mwalimu wa Zamu: Ahsante. Na mwalimu akihamishwa je? Kishikwambi anaondoka nacho au anakiacha?

Mwalimu Mstaafu Singida: Sisi tuliambiwa ni mali ya shule. Nilikabidhi kwa saini siku ya kuondoka.

Mwalimu wa Zamu: Mwalimu wangu, shikamoo. Huku mwenzetu kahama mkoa na chake na hakuna aliyemuuliza. Anayekuja nafasi yake afundishie nini?

Mwalimu Mstaafu Singida: Marahaba. Aende kwa afisa elimu kata na barua mkononi. Maneno ya mdomo yatampotezea muhula mzima.