Nimeshtakiwa na wahudumu kwa saa za ziada (Texas): usuluhishi, kupambana au kulipa mapema?

MamaArlington (mwanzisha mada)

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa na uzito moyoni. Nina kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani hapa Arlington, wahudumu 34, wengi wao dada zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo. Siku 9 zilizopita nimekabidhiwa hati za mahakama ya shirikisho. Wawili walioacha kazi mwaka jana wanasema muda wa kuendesha gari kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine haukulipwa, na kwamba ukiujumlisha walikuwa wanavuka saa 40 kwa wiki. Wanataka wenzao wote waalikwe kwenye kesi.

Wakili amenipa njia tatu. Ya kwanza ni kutumia mkataba wa usuluhishi (arbitration), yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi binafsi badala ya mahakama. Tangu 2023 kila ninayemwajiri anausaini, ila wa zamani hawakusaini, na kati ya hao wawili amesaini mmoja tu. Ya pili ni kupinga kesi isiwe ya kundi. Ya tatu ni kukaa mezani mapema nikalipa. Mliopita njia hii, mlichagua ipi na iliwagharimu nini?

Karani_Houston

Pole sana dada. Mimi ni msaidizi ofisini kwa mawakili wanaotetea waajiri, kwa hiyo nasema ninayoyaona kila siku. Wakili wako ndiye mwenye neno la mwisho.

La haraka kwanza: una siku 21 za kujibu tangu ulipokabidhiwa hati. Zimebaki 12. Kama unataka usuluhishi, uombwe sasa hivi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Morgan v. Sundance, kesi ya mfanyakazi wa mgahawa wa Taco Bell aliyedai ovataimu. Mwajiri alikuwa ameendesha kesi mahakamani karibu miezi 8 ndipo akakumbuka mkataba wa usuluhishi. Mahakama ilisema mwajiri anaweza kuipoteza haki hiyo kwa mwenendo wake mwenyewe, hata kama ucheleweshaji haukumuumiza mfanyakazi.

Usuluhishi wenyewe una nguvu. Tangu Epic Systems v. Lewis ya 2018, mfanyakazi aliyekubali kwenda kwa msuluhishi peke yake anabanwa na saini yake. Na kwa mahakama za Texas, uamuzi wa rufaa wa 2019 unaohusu JPMorgan Chase unasema waliofungwa na mkataba halali wasitumiwe barua ya kualikwa kwenye kesi. Lakini wewe una makundi mawili, waliosaini na wasiosaini. Utajikuta na mashauri mawili kwa wakati mmoja, na ada za msuluhishi sehemu kubwa hulipa mwajiri, kwa kila mlalamikaji.

Sasa kupinga kundi. Chini ya sheria ya shirikisho ya 1938 ya mishahara na saa za kazi, FLSA, hakuna anayeingia kwenye kesi bila kutoa kibali chake kwa maandishi. Kwa hiyo vita halisi ni vya ile barua ya mwaliko. Huku kwetu tuna Swales v. KLLM ya 2021, kesi ya madereva wa malori: jaji anatakiwa atazame ushahidi mapema aone kama wafanyakazi kweli wanafanana, kabla barua hazijatoka. Ni ngao nzuri kwa mwajiri. Ila jiulize kwa dhati: kutolipa mwendo, yaani huo muda wa kuendesha gari kati ya wateja, ilikuwa sera moja kwa wote? Kama jibu ni ndiyo, hoja kwamba kila mtu ana mambo yake haitasimama, na utakuwa umelipa mawakili miezi mingi kuthibitisha kinyume cha unachotaka.

Mhasibu_Minneapolis

Dada, kabla ya njia yoyote, piga hesabu. Tuseme mhudumu analipwa dola 12 kwa saa, tayari ana saa 40, na anaendesha saa 4 kwa wiki bila malipo. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 18 kwa saa, kwa hiyo 72 kwa wiki. FLSA inaongeza fidia ya kiasi hicho hicho, inakuwa 144. Wiki 100 ni dola 14,400. Wakijiunga 20, ni 288,000. Na ukishindwa, wakili wao unamlipa wewe. Wewe ukishinda, huwadai ada ya wakili wako.

Madai yanarudi nyuma miaka 2, au 3 ikionekana ulijua unavunja sheria au hukujali. Ile fidia ya ziada jaji anaweza kuiondoa ukionyesha ulitenda kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Je, uliwahi kumuuliza mtu kuhusu mwendo? Kuna barua pepe yoyote?

MamaArlington

Niliuliza. Kampuni iliyokuwa ikinifanyia malipo ya mishahara iliniambia kwa simu mwendo haulipwi. Sina maandishi.

Karani_Houston

Simu bila maandishi ni dhaifu dada, lakini andika leo tarehe unayoikumbuka na ulichoambiwa, umpe wakili. Kanuni yenyewe iko wazi: kutoka nyumbani kwenda kwa mteja wa kwanza si kazi, ila kati ya mteja na mteja siku hiyo hiyo ni kazi.

Mzee_Lowell

Nipo Massachusetts. Huku mshahara usiolipwa unazidishwa mara 3, na tangu 2008 jaji hana hiari. Nilishtakiwa nikiwa na wahudumu 19. Nilikaa mezani mwezi wa pili tangu kushtakiwa, na sijutii hata siku moja. Wawili kati ya walionishtaki bado tunasalimiana kanisani.

Dereva_FortWorth

Kwa wenye malori msitegemee sana usuluhishi. Sheria ya shirikisho ya usuluhishi haiwagusi madereva wa mizigo ya kuvuka majimbo, hata ukiwaita wa 1099, yaani wakandarasi wa kujitegemea. Ni New Prime v. Oliveira, 2019. Mimi niliijua baada ya kulipa wakili.

DadaWaShifti

Nisameheni, mimi nilikuwa upande wa pili, na nadhani mama anahitaji kusikia. Nilifanya shifti za saa 24 kwa bibi mmoja mwenye kisukari. Kampuni ilinikata saa 8 za usingizi kila usiku. Bibi aliamka saa nane, saa tisa na nusu, saa kumi na moja, kwenda msalani. Nilikuwa na daftari dogo la kawaida, naandika kila alipoamka na sukari ilikuwa ngapi. Ofisini walikuwa na fomu tu zilizoandikwa "analala saa 8" kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mwezi mzima. Msuluhishi alishika daftari langu akaweka fomu zao pembeni.

Karani_Houston

Umesema neno kubwa dada. Tangu Anderson v. Mt. Clemens Pottery ya 1946, mwajiri asipokuwa na kumbukumbu sahihi, makadirio ya haki ya mfanyakazi yanakubalika, na kazi ya kuyavunja inabaki kwa mwajiri.

Kaka_Irving

Si nasikia kanuni ya ovataimu kwa wahudumu wa majumbani inafutwa?

Mhasibu_Minneapolis

Wizara ya Kazi ilipendekeza hivyo Julai 2025. Pendekezo si sheria, kaka. Kanuni ya 2013, iliyoanza kufanya kazi 2015, ndiyo inayohesabu miaka anayodaiwa mama.

MamaArlington

Je, naweza kuzungumza na waliopo kazini, na kuwasainisha mkataba wa usuluhishi wale wa zamani?

Karani_Houston

Tafadhali usifanye hivyo bila wakili. Kuwasainisha katikati ya kesi bila kuwaeleza kuna kesi kunaweza kumkasirisha jaji, na mkataba ukatupwa. Usimpunguzie yeyote shifti, usimwambie neno la kumtisha. Kulipiza kisasi ni kosa jingine na deni jingine. Na ukielewana na hao wawili, kumbuka makubaliano yanawafunga hao wawili tu. Mahakama za kwetu huyakubali ya faragha pale ubishi wa saa ni wa kweli. Kwa wengine, muulize wakili kuhusu malipo yanayosimamiwa na Wizara ya Kazi. Mtu akiyakubali na kulipwa kamili, dai hilo limekwisha. Kuanzia wiki hii lipa mwendo kwa kila mtu, deni lisiendelee kukua.

MamaArlington

Nimerudi. Jana usiku nimefungua ule mfumo wa EVV, ambao wahudumu wanapigia saa kwa simu wakiwa kwa mteja wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Nimechukua wiki moja ya yule dada ambaye hakusaini. Jumatatu: ametoka kwa mteja wa kwanza 11:02, ameingia kwa wa pili 11:47. Ametoka 2:30, ameingia 3:08. Jumanne hivyo hivyo. Wiki nzima ni saa 5 na dakika 20, na malipo yake ni sifuri. Rekodi ni zangu mwenyewe, nilikuwa nazo miaka yote.

Nimemwambia wakili aombe usuluhishi kwa yule aliyesaini ndani ya siku zilizobaki ili haki hiyo isipotee, na wakati huo huo amwandikie wakili wao tukutane. Mhasibu wangu anaendelea na EVV ya wote, miaka 3. Mishahara ya Ijumaa hii itakuwa na mstari wa mwendo.