Naomba ushauri: mafua kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Huku Njombe baridi ya Julai imetukamata, nyumba nzima tunapiga chafya. Sisi watu wazima tunajimudu: naponda tangawizi mbichi, nachemsha hadi harufu ijae jikoni, naipua, ikipoa kidogo ndipo nakamulia limau na kuweka asali. Haiui virusi vya mafua, ila koo linatulia na usingizi unakuja.

Shida ni mdogo wetu wa miezi 9. Pua imeziba, akinyonya anaachia titi kila mara ili avute hewa. Mama mkwe, ambaye amelea wengi na ninamheshimu sana, anasisitiza nimlambishe asali yenye kitunguu saumu. Kliniki tulifundishwa kwamba mtoto chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, hata tone, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli. Anataka pia tumfukize kwa maji ya moto yenye majani ya mkaratusi chini ya blanketi, nami naogopa asije akaungua.

Kwa sasa namnyonyesha mara nyingi zaidi na kumdondoshea puani maji ya chumvi ya duka la dawa. Hana homa wala hapumui kwa kasi. Nikiona dalili hizo nakimbia hospitali.

Mliopitia haya, kipi cha jikoni ni salama kwa umri huu? Supu ya kuku isiyo na chumvi inafaa? Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima?