Kuishi kwenye boti mwaka mzima: je, raha yake inashinda taabu yake?

Mpangaji

Salaam kwenu nyote. Mimi na mwenzangu tumekuwa tukizungumza kwa muda mrefu kuhusu kuacha nyumba ya kupanga na kuhamia kwenye boti, si kwa mapumziko ya wiki chache, bali kuifanya makao yetu ya kudumu. Boti tunayoifikiria ni ya faiba, yenye urefu wa mita 11 hivi, ina mlingoti na injini ya dizeli, vyumba viwili vidogo vya kulala, jiko na choo. Sote wawili tunafanya kazi kwa kompyuta, hatuna watoto kwa sasa, na tumewahi kusafiri na wenye boti kiasi cha kujua kwamba mawimbi hayatusumbui.

Kinachotuvuta ni kuwa karibu na maji alfajiri na jioni, kupunguza mali tusiyoihitaji, na kuweza kubadilisha mahali pa kuishi bila kufungasha chochote. Mwenzangu, hata hivyo, ana mashaka ambayo naona ni ya msingi. Anauliza maji safi yatatoka wapi na maji taka yatakwenda wapi, nguo na magodoro vitakaukaje wakati wa mvua nyingi, na itakuwaje siku tukigombana, maana hakuna sebule ya kwenda kukaa mpaka hasira zipoe. Naomba wenye uzoefu watueleze hali ilivyo kabla hatujatoa pesa.

Nanga Mbili

Ndugu Mpangaji, nami naishi kwenye boti inayolingana na hiyo unayoieleza, na muda mwingi huwa nimetia nanga badala ya kufunga gatini, kwa hiyo nitazungumzia upande huo tu.

Raha ipo, na kwangu mimi haijapungua kwa kuzoea. Boti iliyotia nanga huelekeza omo yake, yaani sehemu ya mbele, kule upepo unakotoka, kwa hiyo dirisha la jikoni lililotazama pwani asubuhi huenda likatazama bahari wazi jioni, na hata ukiwa umelala unatambua kwamba upepo umegeuka kwa sababu maji yanagonga ubavu mwingine. Unaanza kujua saa za kupwa na kujaa bila kutazama jedwali. Majirani unaowapata majini ni watu wanaokuja kukusaidia kabla hujaita, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba boti ya mwenzake ikikokota nanga usiku, itakayogongwa ni ya kwake.

Ugumu ni kwamba huduma ambazo nchi kavu hutolewa na watu wengine, huku unajitolea mwenyewe. Tangi la lita 300 linaonekana kubwa, lakini watu wawili wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa aliyezoea bomba, litakauka baada ya wiki moja hivi, na hapo utasogeza boti mpaka penye maji au utayabeba kwa madumu ndani ya mashua ndogo. Umeme nao una hesabu zake. Betri za kawaida za asidi zenye jumla ya ampea-saa 200 kwa volti 12 zinahifadhi wati-saa 2,400, lakini ukizoea kuzitumia kupita nusu zinakufa mapema, kwa hiyo unachoweza kutegemea ni wati-saa 1,200 tu. Friji ndogo inayokula wati 40 kwa wastani, usiku na mchana, inamaliza 960 peke yake, na kompyuta zenu bado hazijachomekwa. Paneli za sola za wati 400 zikipata jua zuri kwa saa 4 zinarudisha kama wati-saa 1,600, ila kivuli chembamba cha mlingoti kikipita juu ya paneli hupunguza umeme kuliko mtu anavyodhani. Kwa watu wawili wanaotegemea kompyuta kwa riziki, ningeshauri betri za lithiamu tangu mwanzo, kwa sababu zinavumilia kutumiwa hadi asilimia 80 na zaidi.

Kuhusu nanga nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo usingizi wako utakapotegemea. Kanuni iliyozoeleka ni kutoa mnyororo wenye urefu usiopungua mara 5 ya kina, na mara 7 au zaidi ikiwa unatumia kamba au upepo ni mkali, lakini kina kinachohesabiwa si kile unachokiona kwenye kipimo wakati wa kutia nanga. Tuseme umefika maji yakiwa yamekupwa na kipimo kinasoma mita 4. Kama maji yatajaa kwa mita 3 zaidi, na omo yako iko mita 1 juu ya maji, kina cha hesabu ni mita 8, na mnyororo unaotakiwa ni mita 40. Aliyezidisha zile mita 4 peke yake ametoa mita 20, na usiku wa manane maji yakijaa mnyororo wake utavutwa kuelekea juu na kuing'oa nanga badala ya kuizamisha mchangani.

Fundi wa Vyombo

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza boti, na nyingi ninazoitiwa ni za watu wanaoishi ndani yake. Naomba niongeze yale ambayo mnunuzi hayaoni anapotembezwa kwenye boti iliyooshwa vizuri.

La kwanza ni matundu yaliyo chini ya usawa wa maji. Boti ya kukaa watu huwa na kadhaa: la maji ya kupozea injini, la choo, la sinki na mengineyo, na kila moja lina vali na bomba la mpira lililobanwa kwa vibano. Bomba la sentimita 4 likichomoka nusu mita chini ya maji, boti inaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, kiasi ambacho pampu nyingi za ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) zinazofungwa kwenye boti ndogo hazikiwezi, hasa betri zikiwa zimechoka. Kwa hiyo vali zote zifunguliwe na kufungwa mara kwa mara ili zisigande, na pembeni ya kila moja pafungwe kizibo cha mbao laini kilichochongwa kwa ukubwa wake. Ukienda kutazama boti, inama na uzishike kwa mkono wako vali moja moja, na isiyogeuka uihesabu kwenye bei.

La pili ni hewa na moto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani inaweza kutoka mlangoni, lakini kwenye boti inashuka na kutulia ndani ya ngama, mahali ambapo pampu ya umeme inaweza kutoa cheche. Mtungi ukae kwenye sanduku lake nje, lenye tundu la kutolea gesi juu ya usawa wa maji, na vali yake ifungwe kila mnapomaliza kupika. Kaboni monoksaidi ni hatari zaidi kwa kuwa haina harufu wala rangi, na inaweza kutoka kwenye jiko, hita, injini yenu au hata jenereta ya boti iliyofungwa jirani. Kifaa cha kutoa tahadhari ni lazima kiwepo kila mahali panapolalwa.

Mwenzako ameuliza kuhusu unyevu, na ameuliza jambo ambalo wauzaji hulikwepa. Maji mengi yanayolowesha godoro hayatoki baharini wala mvuani, yanatoka kwa wenyeji wenyewe. Kila kilo 1 ya gesi ya kupikia inayoungua hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke wa maji, na pumzi na jasho la watu wawili waliolala huongeza mwingine usiku kucha. Mvuke huo ukigusa ubavu wa boti uliopozwa na maji ya nje unageuka matone, na matone yakikosa hewa chini ya godoro yanazaa kuvu. Dawa yake ni kuweka fremu za mbao zenye nafasi chini ya magodoro, kubandika kizuia joto kwenye kuta, kutochemsha chochote bila kufunika na bila kufungua kidirisha cha juu, na kutoanika nguo ndani. Anayefuata hayo hukaa pakavu kiasi cha kuridhisha, lakini ni kazi ya kila siku, na wapo wasioiweza.

Mengine ni ya kawaida kwa chombo chochote. Vyuma vya aina tofauti vilivyounganishwa ndani ya maji ya chumvi huunda mkondo mdogo wa umeme unaokula kile kilicho dhaifu, ndiyo maana tunafunga vipande vya zinki viliwe kwa niaba ya propela. Vikibaki nusu vibadilishwe. Faiba iliyokaa majini miaka mingi huweza kuota malengelenge kwa sababu maji hupenya polepole chini ya ngozi yake. Chini ya boti pia hujishikiza mwani na viumbe wenye magamba, kwa hiyo itapandishwa nchi kavu kila baada ya mwaka mmoja au miwili ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuvizuia. Rangi za zamani zenye kemikali ya bati, zilizokuwa zikidhuru chaza na konokono wa baharini, zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008, na nyingi za sasa hutegemea shaba. Siku boti iko juu ya magogo, nyinyi mtalala wapi? Wengi hawajiulizi hilo mpaka siku yenyewe ifike.

Mpangaji

Nawashukuru sana. Hesabu ya nanga nimemsomea mwenzangu kwa sauti na tumeirudia pamoja. Swali linalofuata: je, ni busara kununua kwanza kisha tutafute pa kufunga, au kinyume chake? Na kuna aliyeishi hivi na mwenza akaacha?

Mama wa Wawili

Mimi na mume wangu tuliishi kwenye boti mpaka mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutembea, ndipo tukahamia nchi kavu. Hatujutii kukaa wala kuondoka.

Tafuteni pa kufunga kabla ya kitu kingine chochote. Boti zinazouzwa ni nyingi kila mahali, lakini nafasi ya gati ambayo mwenyewe anaruhusu watu kulala mwaka mzima ni adimu, na bandari nyingi za boti huweka ukomo wa idadi ya wakazi au huwakataa kabisa. Sheria pia hutofautiana sana. Kwenye mifereji ya Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1995 inamtaka mwenye boti asiye na mahali pake pa kudumu awe anasafiri kweli, asikae mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14, na kwa mtu mwenye ajira au mtoto wa shule hilo linabadilisha maisha yote. Ulizeni pia kuhusu anwani. Benki, hospitali, shule na ofisi za serikali zinataka kujua unakaa wapi, na sisi tulipata taabu kubwa na ofisi moja iliyokataa barua yetu kwa sababu gati halikuwa na namba ya nyumba. Kampuni za bima nazo zielezwe waziwazi kwamba mtakuwa mnaishi humo, kwa maana bima ya boti ya matembezi inaweza kukataa kulipa.

Kuhusu fedha, msiwasikilize wanaosema ni nafuu bila masharti. Nyumba iliyo juu ya ardhi huenda ikapanda thamani ukiwa umelala, ilhali boti kwa kawaida hushuka thamani hata ukiitunza vizuri, kwa hiyo mnachookoa kwenye kodi ndicho mtakachokipeleka kwenye rangi, betri na vibano alivyovitaja Fundi.

Sasa ugomvi. Kwenye boti hamwezi kununiana kwa siku tatu, kwa sababu mmoja anapotaka kupita kwenda chooni mwingine lazima asimame. Sisi tulikubaliana mambo mawili yaliyotusaidia: kila mmoja awe na kona ambayo mwenzake haweki kitu wala haigusi, na sitaha ya mbele iwe mahali pa mtu anayetaka kuachwa peke yake, asifuatwe wala kuulizwa. Zaidi ya hayo, kazi zisigawanywe hivi kwamba mmoja tu ndiye anayejua injini, nanga na redio. Anayeachwa nje ya maarifa hayo anageuka abiria nyumbani kwake, na huyo ndiye anayechoka kwanza. Mfundishane yote, hata kama mmoja ni mwepesi kuliko mwingine, na kila mmoja ajue kuita msaada kwa redio ya VHF kwenye chaneli 16.

Kabla ya kununua, kodini boti ya ukubwa huohuo katika msimu mbaya kuliko yote hapo mnapotaka kukaa, mfanye kazi zenu za kawaida humo ndani, mfue nguo, mmoja wenu augue mafua. Mwenzako ataamua kwa hilo kuliko kwa maneno yetu.

Mpangaji

Mwenzangu amesoma yote na amekubali tukodi kwanza. Amebakiza swali lake la maji taka tu.

Fundi wa Vyombo

Ni kweli, hatukumjibu. Boti ya kuishi inahitaji tangi la kuhifadhia maji taka, ambalo hunyonywa kwa pampu kwenye kituo gatini. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, unaohusu kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, unazitaka meli kubwa zisimwage maji taka ghafi ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na ingawa boti yenu ni ndogo mno kuguswa na kifungu hicho, nchi nyingi zina masharti yake kwa vyombo vidogo, na maji yaliyofungwa kama ghuba na mito hayavumilii uchafu hata wa boti chache. Tangi la lita 80 kwa watu wawili litajaa baada ya wiki moja au mbili, kutegemea kiasi cha maji mnayosukumia. Wapo wanaopendelea choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, nacho hakihitaji tundu lolote chini ya maji, jambo ambalo mimi kama mkaguzi nalipenda. Mnapokwenda kukodi, ombeni boti yenye aina hiyo ili mwenzako aione ikifanya kazi, na ulizeni gatini hapo kituo cha kunyonya maji taka kiko umbali gani na hufunguliwa siku zipi.